Njaa Hii Si ya Gobeze

Yekatit 12, Jumapili

Basi nikasimama palepale uani kwa kanisa, shuka bado nimejifunika kichwani, nikamwambia Aba Zelibanos mbele ya watu wote kwamba mimi kwa ajili ya Gobeze sifungi. Andika hivyohivyo, Simegn, usinipambe. Najua umefundisha darasa la nne miaka kumi na mkono wako umezoea kusahihisha, lakini shangazi yako si mtoto wa darasa la nne. Nataka iandikwe kila siku mpaka Pasaka, maana kijiji hiki kina ugonjwa wa kusahau, na mtu husahau kile tu anachotaka kukisahau.

Ilikuwa hivi. Misa imekwisha, tunagawiwa mkate wa baraka, kila mtu anawaza mlo wa mwisho wa siagi kabla ya mfungo mkuu. Wagaye akasimama, mke wa Gobeze, na lile shuka lake jipya lenye pindo la kijani. Akasema mume wake tangu apooze upande mmoja amelala anaiwaza roho yake. Kwamba ana dhambi ya kiapo. Kiapo gani, hakusema. Kwamba amepewa toba: afunge mpaka saa tisa alasiri kila siku miaka saba, na asujudu mara arobaini na moja. Na mtu aliyepooza atasujuduje, na vidonge vyake havimezwi tumbo likiwa tupu. Kwa hiyo, kwa kuwa kesho ndiyo wiki ya Mfalme Hirkal, anawaomba watu wa kanisa letu la Giyorgis wamgawane Gobeze kama Hirkal alivyogawanwa. Nyumba tuko sabini. Kila nyumba ichukue siku yake katika wiki, zamu kwa zamu, miaka saba itapita kama mchezo.

Watu wakaitikia amina. Amina, Simegn. Kwa sababu bati la kanisa alilinunua Gobeze.

Mimi habari za Hirkal nilipewa na mama yangu kabla sijaota meno ya pili. Waajemi walipouchukua Msalaba wa Bwana wakaenda nao kwao, Wakristo wa Yerusalemu walimwendea mfalme wakamlilia aende vitani akaurudishe. Mfalme akasema naogopa, mitume wameandika kwamba anayeua mtu atafunga mpaka siku ya kufa kwake. Wakamwambia, maisha ya mtu ni miaka sabini, akiwa na nguvu sana themanini. Nenda wewe, mfungo wako tutagawana sisi. Akaenda, akaurudisha. Watu wakafunga. Na wajukuu zao, na sisi hadi leo, wiki ya kwanza tunaanza na ya mfalme ndipo tunaingia kwenye ile ya Bwana.

Sasa nikauliza kwa sauti. Hirkal aliurudisha Msalaba. Gobeze karudisha nini?

Watu wa nyumba sabini wakatazama viatu vyao. Kila mtu anajua ni kiapo gani. Miaka sita iliyopita aliweka mkono kwenye mlango wa Giyorgis akaapa kwamba kile kipande cha mtoni, cha Yeshi mjane, ni cha baba yake. Kipande kinachotoa vitunguu na viazi mara mbili kwa mwaka. Yeshi alikuwa hajamaliza hata mwaka wa msiba. Hata mbuzi wa kijiji hiki wanajua shamba lile ni la nani. Lakini kiapo kisipotajwa jina, hakuna wa kurudishiwa chochote, na huo ndio ujanja wake. Shamba libaki kwake, njaa iende nyumba sabini.

Aba Zelibanos akaniambia, mwanangu, uani kwa kanisa si mahali pa kelele. Ana umri wa mtoto wangu wa mwisho na ananiita mwanangu. Ni kasisi wangu wa toba, nitafanyaje. Nilipofika nyumbani sikuonja hata hiyo siagi.

Wagaye amenipangia Jumatano. Jumatano, siku ambayo naifunga tangu nipate akili, ndiyo wamemwandikia Gobeze.

Yekatit 13, Jumatatu

Nimekula saa tisa. Mkate wa njera na mchuzi wa shiro. Kwa ajili ya mfalme, si kwa mwingine.

Yekatit 14, Jumanne

Vumbi. Upepo umebeba nyasi za paa la jiko. Wagaye kapita njiani akaniambia Mungu akulipe kwa siku ya kesho. Nikamwambia asimsumbue Mungu kwa deni ambalo halipo.

Yekatit 15, Jumatano

Najua umeshasikia, mpaka shuleni kwenu wamesikia. Lakini kaa uandike, maana watakusimulia vibaya.

Tangu asubuhi nilikuwa nafikiria nitamnyimaje. Ukifunga, njaa yako haina rangi wala alama. Nikikaa na njaa mpaka saa tisa, mimi nasema ni ya Hirkal, Wagaye anasema ni ya Gobeze, jina langu liko kwenye karatasi yake upande wa Jumatano, na mbinguni huko nani atasimama kuwaeleza? Nilijaribu kusali, Bwana, tenganisha. Nikaona namfanyisha Bwana kazi ya kupepeta punje za teff na mchanga.

Saa sita jua likiwa utosini nikatoa kigoda mlangoni, pale njia ya mtoni inapopita, nikaweka sinia na njera na mchuzi wa dengu, nikala.

Wa kwanza kuniona alikuwa mke wa mfua chuma. Akatua dumu lake la maji. Akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nakula. Akauliza kama nimesahau ni wiki gani. Nikamwambia wiki naijua, na siku naijua, na ndiyo maana nakula. Dumu aliliacha palepale akaenda mbio, na nilipofika tonge la tano walikuwa wamejipanga upande wa pili wa njia kama wanatazama harusi. Nikawaambia waende wakamwambie Wagaye Jumatano yake imeliwa.

Nimemaliza sinia lote. Nataka ujue hilo.

Nataka ujue na hili pia, ingawa si lazima uandike. Haya, andika. Tangu nilipoanza kufunga nikiwa msichana wa miaka saba, sijawahi kula kabla ya saa tisa katika wiki ya Hirkal, isipokuwa mwaka nilipomzaa Dessie wangu. Ile dengu ilikuwa kama kutafuna kitambaa.

Yekatit 16, Alhamisi

Amekuja Aba. Hakuketi. Msalaba wake nikaubusu, akauondoa haraka kidogo, nikaona.

Akasema, "Umemnyima mfalme ili umnyime Gobeze."

Nikamwambia, "Na wewe Aba umemkatia Gobeze fungu la mfalme."

Kisha akasema kuna mambo anayoyasikia kwenye toba, nayo yanabaki huko, na mdomo wake umefungwa na Mungu wala si na watu. Nikamwambia simwulizi alichosikia, namwuliza anachokiona. Anapoteremka mtoni kubariki maji haoni vitunguu vya Gobeze kwenye shamba la Yeshi? Macho nayo yamefungwa?

Akasema polepole sana, anatazama ukuta, kwamba toba yoyote, ya mtu yeyote, huanza na kurudisha, na hakuna kasisi asiyesema hivyo. Zaidi ya hapo asiulizwe. Akanipa yangu: nisujudu mara arobaini na moja kila siku, siku saba, na Jumatano zote zilizobaki nizifunge kwa unyenyekevu. Nikauliza kwa ajili ya nani. Akasema, "Kwanza zifunge, mwanangu. Hilo la nani tutaliona."

Alipotoka nikakasirika upya. Kama huanza na kurudisha, mbona ameruhusu watu waitikie amina?

Yekatit 19, Jumapili

Magoti.

Yekatit 25, Jumamosi

Nilipika kahawa nikamwita Yeshi. Nilidhani atakuja kunishukuru. Ndiyo, cheka, nilidhani hivyo. Mtu amekula mchana wa Hirkal kwa ajili yako, amesujudu na magoti ya miaka sabini na mbili.

Alikuja na mikono ina udongo. Kikombe cha kwanza akakishika bila kunywa. Akaniuliza, "Shangazi, nani alikutuma?"

Kumbe yeye na binti yake mkubwa walikuwa wanang'oa vitunguu kwa kina Gobeze, kwa ujira wa kutwa. Kwenye kipande kilekile. Sikujua, naapa sikujua. Tilaye, yule mtoto mkubwa wa Gobeze anayevaa saa mikono yote miwili, amewafukuza kwa sababu ya kelele zangu. Yeshi akasema nilikuwa kibarua kwenye shamba langu mwenyewe, nimelimeza hilo nikaendelea kuishi, sasa hata kibarua sina.

Nikamwambia napigania haki yake. Akasema kijiji kizima kilimwona mwongo miaka sita, na haki yake hakuikumbuka mtu yeyote mpaka walipoombwa wakae na njaa. Halafu akauliza, siku ile ya kiapo, mdomo huu ulikuwa wapi.

Nikamwambia nilikuwa nyumbani kwangu, napikia wazee pombe.

Akaweka kikombe chini, kimejaa, akaondoka. Kwenye kahawa ya kwanza, Simegn. Hata adui hungoja ya pili.

Mkosa shukrani. Andika. Mama yake alikuwa rafiki yangu wa kuchota naye maji, na hakuwa na ulimi huo.

Megabit 2, Jumamosi

Wingu dogo upande wa milima ya Choke. Halikufika.

Megabit 6, Jumatano

Nimefunga mpaka saa tisa kama nilivyoamriwa. Nimemwambia Mungu hii si ya Gobeze, tafadhali aangalie jina. Wagaye bado anapita nyumba kwa nyumba akishukuru. Kwangu anapita upande wa pili wa njia.

Megabit 7, Alhamisi

Joto. Ng'ombe wanalamba ukuta.

Megabit 10, Jumapili

Leo kumbukumbu ya Msalaba. Walipouzungusha kanisani mara tatu na wanawake wakipiga vigelegele, moyo wangu ukachemka. Huyu hapa Msalaba uliorudishwa. Nikatoka kanisani sikupita nyumbani. Nikaenda moja kwa moja kwa Gobeze kumwambia usoni kile ambacho nyumba sabini zinakitafuna kimyakimya.

Tilaye alikuwa mlangoni. Akasema baba amelala. Nikamwambia bibi yako niliuosha mwili wake mimi kwa mikono hii, kwenye chumba hichohicho, na siku hiyo wewe ulikuwa unajikojolea, kwa hiyo mlango huu hanifungii mtu. Akanipisha. Wagaye akaleta kigoda na uso wa kuchacha.

Sikuwa nimemwona tangu apooze. Gobeze yule, aliyekuwa akibeba mzigo wa punda begani. Amelazwa ubavu, mdomo umevutwa kama mfuko uliokazwa kamba, mate yanamtoka. Marehemu mume wangu Yirga alikwisha vilevile, miezi minane, kwa hiyo nusu ya mdomo naisikia. Wa nyumbani kwake humjibu ndiyo, ndiyo, na hawajui amesema nini.

Nikamwambia yote. Shamba, kiapo, zamu, Yeshi anang'oa vitunguu vyake mwenyewe kwa kutwa. Nikamwambia Hirkal alikwenda vitani kwa sababu watu walimlilia, walimtuma, dhambi ilikuwa ya kwao wakaibeba. "Wewe nani alikutuma? Nani alikulilia uape?"

Jicho lake zima likanitazama. Akacheka kwa upande mmoja. Akasema, taratibu, ikabidi niiname:

"Wewe."

Nikamwambia asinitanie, mimi si wa rika lake la utani.

Akasema, "Dada Mantegbosh. Wazee walikaa kwako siku tatu wakisikiliza kesi ya shamba. Walikuwa wamechoka. Ulikuwa unamimina pombe. Ulisema, aape tu tumalize, mwanamke huyu ametuchosha na kilio chake."

Nikasema sikusema.

"Walicheka. Wakasema kweli, aape. Nilikuwa sijafikiria kuapa. Nilikuwa nataka wanipe nusu." Akapumzika. Mate nikamfuta mimi, hakuna mwingine aliyefuta. "Ukishaambiwa apa, mbele ya watu, ukikataa umekwisha, watu wanakususia. Mke wako atachota maji na nani?"

Nikamwuliza kwa nini basi harudishi. Jicho likaenda mlangoni, aliposimama Tilaye. Akasema amewaambia warudishe tangu mwezi wa Hidar, miezi minne iliyopita. Wao wanaambiana mzee amerukwa na akili, hasikiki anachosema. Huu mgao wa Hirkal ni wao walioubuni, yeye alisikia kama mimi nilivyosikia.

Wagaye akaniuliza anasema nini. Nikasema anaomba maji.

Megabit 11, Jumatatu

Leo sina la kuandikwa.

Megabit 13, Jumatano

Nilisema.

Nimezunguka siku tatu nikitafuta kwamba sikusema, kama mtu anayetafuta sindano aliyoiona ikianguka. Nilisema. Nilikuwa nimeshika kibuyu, Meshesha mzee yuko kushoto, Yeshi amekaa chini mlangoni na nguo zake nyeusi, analia ile sauti isiyopanda wala kushuka. Na unajua kwa nini nilisema? Mbuzi wake alikuwa amekula gesho yangu. Majani, Simegn. Majani ya kuchachulia pombe. Miti miwili niliyoipanda mwenyewe, ikabaki vijiti, na Yeshi alisema pole tu, hakusema vizuri, nikaona amesema kama mtu anayefukuza nzi. Kwa hiyo nilitaka aondoke mlangoni pangu. Nikasema aape, tumalize. Na Gobeze akainuka na wazee wakainuka, wakaenda Giyorgis, na mimi nikaosha vibuyu.

Mtu anamnyang'anya mjane shamba kwa sababu ya mbuzi, na mtu huyo ni mimi, na nimekula dengu mlangoni mbele ya watu kama malaika wa hukumu.

Nimefunga mpaka saa tisa, nikapitiliza mpaka kumi na moja. Hasira niliyokuwa nayo kwa Gobeze ilikuwa tamu, nakwambia ukweli, nilikuwa naamka nayo vizuri. Hii ya sasa haina ladha.

Lakini usidhani imeisha kwa upande wao. Mzee anasema rudisheni, nao wanamfuta mdomo kwa kitambaa na kusema amina.

Megabit 15, Ijumaa

Mvua ya kwanza. Fupi, ya kulowesha vumbi tu. Wanaume wote wametoa majembe ya ng'ombe kukagua.

Megabit 17, Jumapili

Nilisimama tena. Aba aliponiona naweka shuka vizuri akafumba macho kabisa.

Nikasema kiapo cha Gobeze ni cha shamba la mtoni la Yeshi, binti wa Aberash. Kikitajwa leo kimetajwa, hakuna wa kukimeza tena. Nikasema yeye hakutaka kuapa. Aliyesema aape ni mimi, nyumbani kwangu, nikiwa na kibuyu mkononi, kwa sababu ya mbuzi. Kwa hiyo nitafunga, si Jumatano ya Wagaye, bali siku zote mpaka saa tisa, hata Pasaka ikipita, kwa ajili ya mdomo wangu. Hirkal alikuwa na watu waliomtuma wakabeba walichotuma. Nikauliza, "Gobeze alitumwa na nani mwingine? Nimesema wangu. Nani alikuwepo?"

Niliona Yeshi nyuma kabisa kwenye lango la wanawake, amejifunika mpaka puani.

Halafu mzee Meshesha, aliyekuwa mkuu wa wazee siku ile, akainua fimbo yake. Akasema yeye alikuwepo. Akasema alicheka. Alikuwa na njaa anataka kwenda kula. Akakaa. Akainuka mfua chuma akasema alikuwepo, hakusema kitu, lakini alijua mpaka wa shamba kwa sababu alilima pale na marehemu mume wa Yeshi. Akainuka mwingine, na mwingine. Saba, Simegn. Saba walioujua mpaka ule na wakaenda kushuhudia kiapo.

Tilaye akapaza sauti kwamba baba yake ni mgonjwa, akili hana, na wanawake wazee wanaingia kumwekea maneno mdomoni. Nikamwambia mdomo wa baba yako umebaki nusu, na hiyo nusu ina ukweli kuliko wako mzima.

Hapo ndipo Aba alipofungua kinywa. Akasema sasa kwa kuwa jambo limesemwa uani na si kwenye toba, naye anaweza kulisemea uani. Hakuna nyumba itakayofunga zamu ya Gobeze mpaka shamba lirudi. Atakayefunga zamu hiyo anafunga kwa ajili ya vitunguu.

Wagaye alilia. Nilitaka nifurahi, sikuweza. Naye miaka yote hii aliendelea kuchota maji na wenzake, kwa sababu mumewe aliapa.

Megabit 18, Jumatatu

Mvua nzuri, saa nzima.

Megabit 21, Alhamisi

Hawa watu. Sikiliza walichofanya hawa watu.

Meshesha alikuja na wazee wawili, wamefurahi, wamepatanisha. Kwamba Gobeze, kwa huruma yake, kwa heshima ya Pasaka, anampa Yeshi mjane kipande cha mtoni kiwe zawadi. Karani wa kata ataandika karatasi Alhamisi ijayo, Gobeze ataweka kidole, kila mtu atapumua. Tilaye amekubali. Ndiyo maana amekubali.

Zawadi. Mwizi anakurudishia ng'ombe wako amemfunga utepe shingoni na unamwambia asante. Nikamwuliza Meshesha kama siku aliyosimama kanisani alisimama kwa miguu yake au ya kuazima. Akasema mama, neno ni neno tu, shamba ni shamba. Nikamwambia neno ndilo lililolichukua.

Maana kama ni zawadi, basi miaka sita Yeshi alikuwa mwongo, na kiapo kilikuwa cha kweli, na sisi tulicheka sawasawa. Na Gobeze akifa, Tilaye ataenda kwa karani aseme zawadi ya mgonjwa asiye na akili hairuhusiwi. Hilo karani mwenyewe alishalifanya kwa watu wa ng'ambo ya mto.

Nikakimbia kwa Yeshi. Alikuwa anachagua mbegu za viazi, zile zenye macho anaweka huku. Ng'ombe wa kulimia ataazimwa siku mbili tu, na mvua imeshaanza. Akasema, shangazi, waiite wanavyopenda, mimi nipande. Nikaanza kubishana. Akainua mkono, si kwa hasira.

"Basi uje uwaambie wewe," akasema. "Mimi nimechoka kusema ukweli peke yangu."

Akanipa kigoda. Nikakaa nikachagua viazi naye mpaka saa tisa. Akapakua njera, tukala sinia moja. Hatukuongea habari ya mbuzi. Nilitaka kuisema, nilikuwa nayo kwenye ulimi, akanilisha tonge, ikabidi nitafune.

Megabit 25, Jumatatu

Nimekwenda kwa Gobeze. Tilaye amefunga mlango kwa ndani. Nimekaa nje kwenye jiwe mpaka mvua ikaninyeshea. Anasema baba anapumzishwa kwa ajili ya Alhamisi.

Megabit 26, Jumanne

Tena. Mlango umefungwa.

Megabit 28, Alhamisi

Kaa karibu na dirisha, mwanga ni mdogo. Shule umeomba ruhusa? Vizuri.

Wamempitisha Gobeze hapa asubuhi. Wamembeba juu ya kitanda, watu sita, wamemfunika blanketi mpaka kidevuni. Aba mbele na mwavuli, karani nyuma anaruka madimbwi asichafue viatu. Tilaye ameshika karatasi ndani ya plastiki. Mimi sikuitwa. Meshesha ameniletea ujumbe kwamba kwa faida ya Yeshi nibaki nyumbani, nisije nikaharibu kitu kizuri. Yeshi alipita na ng'ombe wa kuazima, akanitazama, akaendelea na njia. Yeye ndiye mwenye shamba. Kama akichukua zawadi, atachukua, ana watoto watatu na mbegu zimeshachipua macho. Nimejizuia. Unaniona nimejizuia, niko hapa nakusimulia badala ya kuwa kule.

Lakini nakwambia, na uandike kwa herufi kubwa kama mnazo, kwamba kama kidole cha Gobeze kitaingia kwenye wino wa zawadi leo, basi sisi sote wa Giyorgis tumemwapisha mara ya pili, na mara hii hana hata mguu wa kukimbilia, na mimi nimekaa dirishani...

Nani huyo anayeita? Tazama. Wagaye? Wagaye mwenyewe, bila shuka, na tope mpaka magotini?

Anasema nini. Amefumba mkono. Gobeze amefumba mkono, karatasi imesomwa na amekataa kutoa kidole, Tilaye anajaribu kuukunjua na mzee anamng'ata. Anaongea na hakuna anayemsikia. Anasema, "Mantegbosh, njoo utuambie anasema nini, nakuomba, kwa Giyorgis, mimi sijui tena mume wangu anasema nini."

Nakuja, Wagaye. Mwambie Tilaye amwache mkono. Mwambie karani asifunge wino, aandae karatasi nyingine safi. Nipe fimbo, Simegn, na hilo daftari liache, nakuja.